Saa 72 na Miezi Inayofuata: Tiba na Kinga kwa Mtoto Aliyefanyiwa Ukatili wa Kingono

Aghalabu mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono hafikishwi hospitali kwa sababu hiyo. Huletwa kwa homa, kwa maumivu anapokojoa, kwa tumbo lisilopona, au kwa kuwa ameanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha miaka mingi iliyopita. Tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni huandika dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo, na mtoto hurudi nyumbani, mahali ambapo pengine ndipo tatizo lilipo. Jambo linapofichuka, wiki au miezi baadaye, saa 72 ambazo dawa za kinga dhidi ya VVU huweza kufaa zimekwisha kupita zamani.

Ukubwa wa tatizo hili si wa kukisia. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ukiwahoji zaidi ya vijana 3,700 wenye umri wa miaka 13 hadi 24, Bara na Zanzibar. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilishiriki katika kazi hiyo pamoja na UNICEF na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, na matokeo yalitolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walieleza kwamba walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takribani nusu ya wasichana hao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, waliosema walikuwa theluthi moja tu. Hivyo kila mhudumu anayesema kwamba katika kituo chake hakuna kesi za namna hiyo anaeleza zaidi kuhusu kituo chake kuliko kuhusu watoto wa eneo lake.

Siri inavyotoka

Mtoto hasemi yote mara moja. Husema kipande, akamtazama msikilizaji usoni, kisha akaamua kama ataendelea. Huenda akaanza kwa kukataa kutumwa nyumba fulani, au kusema kwamba hapendi kubaki na fulani, au kuuliza kama mtu anayefanya jambo baya huchomwa moto. Mtu mzima akikemea au akipiga kelele, mlango hufungwa. Wapo pia watoto wanaosema leo na kesho wakakana, hasa wanapoona mama analia, baba amefungwa, au ndugu wamegawanyika. Kukana huko si uthibitisho kwamba mtoto alidanganya. Mara nyingi ni uthibitisho kwamba ameona bei ya kusema.

Maneno yanayomfaa mtoto wakati huo ni machache: kwamba ameaminiwa, kwamba kosa si lake, kwamba amefanya vema kusema, na kwamba watu wazima watatafuta msaada. Kuahidi kwamba siri haitamfikia mtu mwingine ni kosa, kwa maana ahadi hiyo haiwezi kutimizwa. Vilevile si kazi ya mzazi, mwalimu wala mjumbe wa mtaa kumhoji mtoto kwa kina. Kila anayemtaka asimulie upya humwongezea jeraha, na maswali ya kumtilia maneno mdomoni huja kuleta shaka mahakamani.

Familia nyingi hufanya mambo matatu kwa nia njema ambayo humwumiza mtoto. La kwanza ni kumwogesha na kufua nguo zake, kwa kuwa uchafu huo haustahimiliki. La pili ni kumwita shangazi au bibi amkague, na hilo humvua mtoto nguo mara nyingine mbele ya mtu mwingine bila kupata jibu lolote la maana. La tatu ni kumkabili mtuhumiwa, ambaye hupata muda wa kutoroka, wa kutisha, au wa kuleta wazee na fedha. Kilicho bora ni kumpeleka mtoto hospitali kama alivyo. Nguo zikiwa zimekwisha kubadilishwa, zibebwe bila kufuliwa ndani ya bahasha au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevunyevu uliofungiwa huozesha ushahidi. Na ikiwa ameshaoga? Apelekwe vilevile. Tiba haihitaji mtoto mchafu.

Tiba kwanza, karatasi baadaye

Swali linaloulizwa mno mapokezi ni kama familia imekuja na PF3. Fomu hiyo ya polisi ni muhimu kwa kesi, lakini si tiketi ya kuingilia chumba cha daktari. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2011 kuhusu huduma kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia unaelekeza kwamba matibabu yasisubiri fomu. Kituo cha afya kinaweza kumpokea mtoto, kumtibu, kuandika alichokiona, na wakati huohuo kuwasiliana na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Nchini kuna madawati zaidi ya 400. Kumrudisha mtoto anayetoka damu kwenda kutafuta karatasi kilomita kadhaa mbali ni jambo lisilo na utetezi wa kitabibu wala wa kisheria.

Njia bora iliyokwisha kujaribiwa hapa nchini ni kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, muuguzi, afisa ustawi wa jamii, mnasihi na polisi hukutana mahali pamoja ili mtoto asizungushwe ofisi hadi ofisi akirudia habari ileile. Zanzibar ilifungua kituo cha kwanza katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na upande wa Bara, Hospitali ya Amana jijini Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Hospitali nyingi bado hazina kituo kama hicho. Hata hivyo mengi yaliyo ndani yake hayahitaji jengo. Yanahitaji chumba kimoja chenye mlango unaofungika, muuguzi anayejulikana kuwa ndiye mwenye jukumu hilo, orodha ya namba za simu ukutani, na dawa zote zinazohitajika zikiwa zimewekwa pamoja. Jambo hili la mwisho hudharauliwa. Ukatili haufuati saa za kazi, na dawa iliyofungiwa kabatini ilhali mwenye ufunguo amekwenda harusini mkoa mwingine ni sawa na dawa isiyokuwepo.

Uchunguzi wenyewe huanza na ridhaa. Mzazi au mlezi huridhia kwa maandishi, lakini mtoto naye huulizwa na kuelezwa kila hatua kwa maneno anayoyaelewa: nani ataangalia, ataangalia wapi, kwa nini, na kwamba anaweza kusema “simama”. Mtoto mdogo anaweza kuchunguzwa akiwa mapajani pa mama yake. Mwili wote hutazamwa, kuanzia kinywani, shingoni, mikononi hadi mapajani, kwa sababu alama za kushikwa kwa nguvu huwa huko. Kwa msichana ambaye hajabalehe, kuangalia kwa nje kwa mwanga mzuri kunatosha. Kuingiza kidole au kifaa ni marufuku. Mtoto akikataa, uchunguzi husitishwa. Akiwa anavuja damu kiasi cha kuhitaji kushonwa, hilo hufanyika chumba cha upasuaji chini ya dawa ya usingizi, wala si kwa kushikwa miguu na wauguzi wanne. Mtoto aliyeshikwa kwa nguvu na mtu mmoja hapaswi kushikwa kwa nguvu na wengine kwa jina la tiba.

Dawa hufuata saa. Za kinga dhidi ya VVU, ambazo wahudumu huziita PEP, huanzwa mapema iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya saa 72, baada ya kipimo cha awali, kisha humezwa kwa siku 28. Kipimo hicho kikionyesha kwamba mtoto alikuwa na maambukizi tangu awali, hupelekwa kliniki ya tiba na matunzo. Msichana aliyevunja ungo, au aliye karibu kuvunja ungo, hupewa dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Hupewa pia tiba ya magonjwa ya zinaa kama kisonono, klamidia na kaswende kwa kufuata mwongozo. Kadi ya kliniki huangaliwa: watoto wengi wamekwisha kupata chanjo ya homa ya ini aina ya B ndani ya ile chanjo ya wiki 6, 10 na 14, lakini asiyekamilisha hukamilishiwa. Penye jeraha, kinga ya pepopunda huzingatiwa. Msichana wa miaka 9 hadi 14 ambaye hajachanjwa dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, hiyo ni nafasi ya kumchanja.

Kuanza dawa si kazi ngumu. Kumaliza siku 28 ndiko kugumu. Mtoto hutapika, hukataa, husahaulika anapopelekwa kwa bibi. Mama huficha kopo ili wapangaji wenzake wasidhani nyumba ina mgonjwa wa UKIMWI. Mhudumu anayetoa dawa bila kuuliza itawekwa wapi, nani ataitoa, na mtoto atamwambia nini rafiki yake akimwona anameza, ametoa nusu ya huduma. Simu moja baada ya siku tatu, na nyingine baada ya wiki, huokoa dozi nyingi. Kumdanganya mtoto kwamba hizo ni vitamini hakumsaidii. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa kwamba ni dawa za kuzuia wadudu wasiingie mwilini.

Karatasi isemayo “hakuna jeraha”

Hakuna sentensi katika shughuli hii yote iliyoleta maumivu mengi kuliko ile ambayo daktari huiandika kwa haraka: hakuna jeraha lililoonekana. Baba huisoma na kumgeukia bintiye. Majirani huisikia na kusema mtoto alisingizia. Wakili wa utetezi huisimamia. Wakati mwingine hata polisi hufunga jalada. Yote hayo hutokana na imani kwamba mwili wa mtoto hutunza kumbukumbu ya tendo kama udongo unavyotunza unyayo.

Mwili haufanyi hivyo. Kwanza, sehemu kubwa ya ukatili wa kingono dhidi ya watoto, kama kupapaswa au kulazimishwa kumshika mtu mzima, haiachi jeraha lolote. Pili, pale palipokuwa na jeraha, ngozi laini ya sehemu hizo hupona upesi, mara nyingi kwa siku au wiki chache, na kwa kawaida bila kovu isipokuwa pale ambapo mchaniko ulikuwa mkubwa. Tatu, kizinda si pazia lililoziba njia likisubiri kupasuka. Ni ukingo wa nyama laini wenye uwazi, ambao kwa msichana anayebalehe hulainika na kuvutika kutokana na homoni. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wasichana 36 waliokuwa wajawazito, yaani wasichana ambao hakuna anayeweza kubisha kwamba walishaingiliwa. Ni wawili tu miongoni mwao waliokutwa na alama za wazi. Waliobaki 34 hawakukutwa na alama za wazi za namna hiyo.

Kwa hiyo daktari anayejua kazi yake haishii hapo. Huandika alichoona, kisha huongeza kwamba matokeo ya kawaida hayathibitishi wala hayakanushi kwamba tukio lilitokea, na kwamba watoto wengi waliofanyiwa ukatili hukutwa hivyo. Sentensi hiyo ya pili huchukua nusu dakika kuandikwa. Maneno kama “bikira” au “si bikira” hayana nafasi katika fomu ya hospitali. Hayaelezi kitu kinachoonekana kwa macho. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitoa wito wa kukomesha kabisa vipimo vya ubikira, kwa kuwa havina msingi wa kisayansi na ni ukatili kwa namna yake.

Upande wa pili wa jambo hili nao usisahauliwe, maana mtu asiye na hatia anaweza kuharibiwa maisha kwa tafsiri mbovu. Si kila damu katika chupi ya mtoto ni ukatili. Wasichana wadogo, hasa wa umri wa kati ya miaka 4 na 8, hupata tatizo la utando wa ndani wa njia ya mkojo kutokeza nje, ukaonekana kama uvimbe mwekundu unaovuja damu. Huonekana wa kutisha na mara nyingi huchukuliwa kuwa jeraha. Minyoo, karatasi au punje iliyoingia ukeni, na uwekundu utokanao na sabuni kali au usafi hafifu huweza kuleta uchafu na mwasho. Upo pia ugonjwa wa ngozi unaofanya sehemu hizo ziwe nyeupe na zenye kuchubuka. Kwa upande mwingine, kisonono kwa mtoto aliyevuka umri wa uchanga na ambaye hajabalehe ni dalili nzito sana, na haifai kutibiwa kimyakimya kwa sindano na kuagwa. Mwenye shaka aombe ushauri wa daktari wa watoto au wa magonjwa ya wanawake kabla ya kuandika neno ambalo halifutiki.

Mahakamani

Sheria ya Tanzania kwa jambo hili ni kali kuliko wengi wanavyodhani, na katika kipengele cha ushahidi ina busara kuliko wengi wanavyodhani. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 si utetezi, isipokuwa kwa suala la ndoa ambalo lina mjadala wake. Uingiliaji hata ukiwa mdogo kabisa unatosha kuwa kosa. Na adhabu ya kubaka mtoto aliye chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Selemani Makumba, lililotolewa uamuzi mwaka 2006, ilisema kwamba ushahidi ulio bora wa kosa la kubaka hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Sheria ya Ushahidi nayo huiruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maelezo ya mtoto peke yake, mradi imeridhika kwamba anasema kweli.

Maana yake kwa mhudumu wa afya ni hii: fomu yake husaidia, lakini kesi haisimami juu yake pekee, na hana sababu ya kuipamba. Aandike maneno ya mtoto kama mtoto alivyoyasema, hata kama ni “alinifanyia tabia mbaya”, badala ya kuyageuza kuwa lugha ya kitabibu. Sampuli zitakazokwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ziwe na majina, tarehe, saa na saini ya kila aliyezishika. Na akiitwa mahakamani, aende. Kesi nyingi hufa si kwa kukosa ushahidi bali kwa kukosa shahidi: daktari amehamishwa, mama ameahirishiwa mara sita na hana nauli, familia imekwisha “kuyamaliza” kwa ng’ombe wawili au laki tatu. Kuyamaliza huko hakumgusi mtoto. Humgusa mwenye kupokea.

Jeraha lisiloonekana

Mwili hupona upesi. Akili huchukua muda, na hapa ndipo huduma zilipo dhaifu zaidi. Baadhi ya watoto huota jinamizi, hushtuka wakiguswa, hushindwa kuzingatia masomo, hugeuka wakali au wapole kupita kiasi. Wengine, hasa waliobalehe, huingia katika sonona, pombe, au kujiumiza. Mtoto mdogo huenda akacheza michezo ya kingono na wenzake, naye akachapwa, ilhali anaigiza alichofanyiwa.

Si kila mtoto huhitaji tiba ya kisaikolojia ya muda mrefu. Wengi hupata nafuu wakiaminiwa, wakilindwa, wakirudi shuleni na katika utaratibu wa kawaida wa siku. Kwa wale ambao dalili zinaendelea, ipo tiba ya mazungumzo iliyoundwa mahususi kwa watoto waliopatwa na mshtuko. Humfundisha mtoto kutuliza mwili na kuzitambua hisia zake, kisha kidogokidogo humsaidia kusimulia yaliyompata mpaka kumbukumbu ipoteze makali, na mlezi huhusishwa. Pingamizi la kawaida ni kwamba wataalamu wa saikolojia hawatoshi. Pingamizi hilo limepata jibu kutoka kwa jirani: jijini Lusaka, Zambia, watoto 257 wenye umri wa miaka 5 hadi 18, yatima na wale walio katika mazingira magumu, waligawanywa makundi mawili. Waliopewa tiba hiyo, wakihudumiwa na wanasihi wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, walipungukiwa na dalili za mshtuko kwa takribani asilimia 82. Waliopata huduma za kawaida tu walipungukiwa kwa takribani asilimia 21. Tiba ya aina hiyohiyo imekwisha kutumika kwa watoto waliofiwa na wazazi huko Moshi, nayo ikitolewa na wanasihi wasio na shahada ya saikolojia. Kinachokosekana, basi, ni usimamizi na mshahara zaidi kuliko vipaji.

Mama naye ahudumiwe. Mzazi asiyelala kwa kujilaumu hawezi kumtuliza mtoto, na mara nyingi yeye mwenyewe alifanyiwa hayohayo akiwa na umri uleule.

Habari ya wavulana inahitaji kutajwa peke yake. Mvulana hunyamaza kwa kuogopa kwamba ataonekana si mwanamume kamili, au kwamba yaliyompata yamembadili. Hayajambadili. Mwili huweza kuitikia mguso hata pasipo kutaka, na mwitikio huo si ridhaa. Mvulana anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi, kwa kuwa ni swali ambalo hataliuliza. Wahudumu nao wazoee kuwauliza wavulana. Vipeperushi vingi ukutani vina picha ya msichana peke yake.

Kinga

Watoto wengi hufundishwa majina ya sehemu zote za mwili isipokuwa zile. Huitwa “huko”, “kidude”, “maua”, na majina mengine ya nyumba kwa nyumba. Mtoto asiye na neno hana namna ya kushtaki; akisema kwa mwalimu kwamba mtu amemshika kidude, mwalimu atadhani ameporwa mwanasesere. Kumfundisha mtoto wa miaka mitatu majina sahihi, na kwamba hakuna mtu wa kuzigusa sehemu hizo isipokuwa kwa usafi au tiba na mama au mlezi akiwepo, si kuvunja adabu. Somo lenye uzito zaidi ni tofauti kati ya siri njema na siri mbaya: zawadi ya kumshtukiza bibi ni siri njema, kwa kuwa siku moja itajulikana na watu watafurahi, siri ambayo mtu mzima amesema isimfikie mama kamwe ni ya kusemwa leo.

Hata hivyo ni dhuluma kumtwika mtoto mzigo wa kujilinda. Heshima ambayo watoto hufundishwa kwa wakubwa ni jambo jema, lakini mtoto aliyefunzwa kwamba hawezi kumkatalia mtu mzima lolote amefunzwa pia kumtii anayemdhuru. Katika utafiti wa mwaka 2009, jirani alikuwa miongoni mwa watu waliotajwa sana, na nyumbani, shuleni na njia ya kwenda shule vilikuwa miongoni mwa mahali pa matukio. Ulinzi basi ni mambo ya kawaida kabisa: nani analala chumba kimoja na nani wageni wanapokuja, mtoto anaachwa na nani mama akiwa sokoni, masomo ya ziada yanafanyika mlango ukiwa wazi au umefungwa, dereva wa bodaboda anayempeleka shule anajulikana au la. Shule na madrasa ziwe na utaratibu unaoandikwa kuhusu mtu mzima kubaki peke yake na mtoto. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika vijiji na mitaa, zilizoundwa chini ya mpango kazi wa taifa ulioanza mwaka 2017, zipo kwa ajili ya mambo haya. Baadhi hufanya kazi kweli. Nyingine zipo kwenye orodha tu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011. Kwa asiyejua aanzie wapi, simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Baada ya siku 28

Mtoto aliyemaliza dawa hajamaliza huduma. Hurudi kwa kipimo cha VVU baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3, na kwa baadhi ya miongozo miezi 6. Msichana aliyebalehe hupimwa mimba asipoona siku zake. Majeraha hutazamwa, chanjo hukamilishwa, na kila mara huulizwa maswali yaleyale: analala vipi, anakula vipi, shuleni anakwendaje, na mtuhumiwa yuko wapi sasa. Swali hili la mwisho ndilo linaloamua mengine. Mtoto anayerudi kila jioni katika nyumba alimo aliyemdhuru hawezi kutibiwa kwa vidonge, na hapo afisa ustawi wa jamii huwa na kazi kubwa kuliko daktari: kumtafutia ndugu wa kukaa naye, au familia ya malezi ya muda, na kumrudisha shule karibu na huko. Kama siku ya kliniki imepita na jina lake halijatiwa alama katika rejesta, anayepaswa kumtafuta ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye anaweza kwenda nyumbani bila sare na bila gari la hospitali, kama mgeni wa kawaida aliyekuja kusalimia.